Kisu Kilichofutwa kwa Spiriti

Jumanne asubuhi, siku kumi na moja kabla ya maonyesho, Pawla Zerafa aliona alama ya kahawia kwenye ua la marehemu mumewe, na chai ikamshinda. Aliiweka juu ya ndoo iliyofudikizwa, akavaa miwani, akainama. Alama ilikuwa fupi na nyembamba, kwenye petali la kushoto. Akajiambia ni konokono. Akajiambia ni tone la maji lililokaa juani. Akajiambia ni nyuki. Alipomaliza kujiambia, akaona ya pili.

Asiyelea okidi atasema, alama ya kahawia, basi nini? Ndizi zinazo, na Pawla mwenyewe mikononi anazo tele. Lakini hapa kwetu Mackay, mji wa miwa, ambako hukosi banda la neti ya kivuli nyuma ya nyumba mtaa wowote utakaopita, alama ya namna hiyo hatuitaji kwa sauti. Ua likichanua safi, halafu baada ya juma moja likaanza kujichora kahawia kutoka ndani, huyo si konokono. Ni kirusi. Na kirusi cha okidi hakina dawa. Hakiletwi na upepo wala jicho la jirani. Kinakaa kwenye utomvu, na utomvu unasafiri kwa kisu. Ndiyo maana mtu akisema mmea wake unaumwa, swali la kwanza tunalomuuliza ni nani aliukata.

Aliyekata alikuwa Pawla.

Aligeuza chungu ili ua litazame ukuta, akaingia ndani, akaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Ua lenyewe halikuwa na jina. Wenzu, mumewe, alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha sukari, mtu wa maneno machache na vikombe vingi vya chai, na jioni zake zote alizimalizia bandani. Miaka kumi na moja iliyopita alichukua chavua ya okidi ya katleya ya njano kwa kijiti cha meno, akaipachika kwenye katleya nyekundu, na tunda lilipotunga akalivika soksi ya Pawla ili mbegu zisimwagike. Mbegu za okidi ni vumbi tupu. Zilipelekwa kwa mama mmoja wa Rockhampton anayezikuza ndani ya chupa, na baadaye vikarudi vimche ishirini na vitatu, kila kimoja kifupi kuliko njiti ya kiberiti. Watoto wa tumbo moja hawafanani, na wa okidi ndio kabisa: kila kimche ni ua lake, na huwezi kulijua mpaka lichanue. Inachukua miaka sita, saba. Wenzu akangoja. Mwaka wa sita kimbunga kikaling'oa banda kikaliweka kwenye miwa ya jirani, na katika vile ishirini na vitatu kikabaki kimoja, chenye lebo ya penseli: 14.

Wenzu alifariki miaka mitatu iliyopita, mwezi wa nne, moyo ulimsimama akiwa kwenye foleni ya duka la vifaa vya ujenzi, mkononi ameshika pakiti ya misumari. Namba 14 ikachanua mwezi wa tisa mwaka uleule. Hakuiona.

Na Pawla, niseme ukweli, hakuwa mtu wa okidi. Baba yake alitoka Malta kuja kukata miwa, mama yake alizaa wanane, na yeye alitoka shule akiwa na miaka kumi na mitano akaenda kuwa mhudumu wa wodi hospitalini. Miaka thelathini na mmoja alisukuma mikokoteni, akabadilisha mashuka, akafuta vitanda, vishikio na meza. Maua ya Wenzu aliyaita wake wenza. "Nenda kawanyweshe wenzangu," ndivyo alivyomwambia kila jioni, "mimi chakula changu kitapoa tu." Baada ya mazishi aliamua kuyauza yote, chungu kwa chungu. Alikuwa ameshayapanga kwenye toroli namba 14 ilipofunguka: njano iliyoiva ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji, mdomo, lile petali la chini, mwekundu wa divai, na kingo za mdomo zimekunjwakunjwa. Akakaa chini juu ya saruji akalia mpaka nesi wa zamani aliyekuwa amekuja kununua vyungu akaondoka mikono mitupu. Tangu siku hiyo hakuuza kitu. Alijifunza mwenyewe, kutoka kwa daftari la Wenzu na kutoka kwa Merv.

Merv Tunnicliffe alikuwa dereva wa treni za miwa mpaka magoti yalipomkataa, na sasa ni mwamuzi wa maonyesho na mtunza kofia. Hiyo kofia ina kazi yake. Kila mwezi wa kumi chama chetu kinatia majina yote ndani ya kofia ya Merv, kila mtu anachota moja, na sherehe ya Desemba anamletea huyo aliyemchota kipande cha mmea wake bora. Hakuna anayeleta kipande cha mmea duni. Sheria hiyo haijaandikwa popote, lakini jaribu kuivunja uone. Ina busara yake pia, maana mmea ukiwa kwako peke yako, siku moja ya joto kali inatosha kuumaliza. Ukiwa umeugawa, unajua pa kwenda kuomba.

Mwaka jana Pawla alimchota Una Kratzmann.

Nyumba ya Una ni ya nne kutoka kwa Pawla, na kwa miaka tisa Pawla alikuwa akizunguka njia ya nyuma, kwenye matope, ili asipite getini pake. Miaka hiyo tisa iliyopita Una alikuwa mkagua lebo wa maonyesho. Alifika kwenye mmea wa Wenzu, akakuta jina la mmea mzazi mmoja limefutika kwa mvua, akautoa mezani mbele ya watu. Sheria ni sheria, alisema.  Wenzu alibeba chungu chake, akakifunga mkanda kwenye kiti cha mbele cha gari, na hakupeleka tena mmea kwenye maonyesho mpaka anaingia kaburini.

Pawla angeweza kumpa Una kipande cha mmea mwingine, na akasema ndio bora wake. Lakini chama kizima kilijua bora wake ni upi, na zaidi ya hapo palikuwa na kisasi kidogo kitamu. Alitaka kila mwezi wa tisa Una afungue dirisha amkute Wenzu anamtazama.

Sasa Jumanne hiyo, huku mikono imo kwenye maji ya sabuni, Pawla alikuwa akiitafuta siku ile ya Desemba kichwani kama mtu anayetafuta funguo. Aliamka mapema. Alianza na kipande cha Una, hilo alikuwa na hakika nalo, kwa sababu alitaka kumwondoa Una moyoni kabla ya kifungua kinywa. Baada ya hapo alikata mimea mingine kwa ajili ya meza ya mauzo ya chama, vyungu kumi na tisa. Wenzu alikuwa na kanuni moja tu bandani: kabla ya kila mmea, choma kisu mpaka kiwe chekundu. Alikuwa na kichomeo kidogo cha gesi kwa kazi hiyo. Na siku hiyo gesi iliisha.

Iliisha lini? Alikumbuka akikitikisa kichomeo sikioni. Alikumbuka akisema, dukani siendi na joto hili. Alikumbuka, ee Mtakatifu Rita, akiingia ndani na kutoka na chupa ya spiriti na kitambaa safi. Miaka thelathini na mmoja ya kufuta kila kitu kwa spiriti, matroni akipita nyuma yake na kidole, na hakuna aliyewahi kulalamika. Alifuta kisu baada ya kila mmea, akafuta vizuri, akajiona mtu msafi. Hakujua, na hakuna aliyemwambia, kwamba spiriti inaua vijidudu vya watu. Kirusi cha okidi ndani yake kinaoga tu. Na mwisho kabisa, jua limeshapanda, alirudi kwenye namba 14 na kisu hichohicho akaipunguza mizizi mikavu.

Lakini gesi iliisha kabla ya kipande cha Una, au baada? Hapo palikuwa na ukungu. Kila alipopaangalia palibadilika.

Siku mbili hakulala usingizi wa maana. Aliacha kwenda misa ya Jumatano kwa sababu aliogopa padri angemuuliza hali. Alhamisi Merv akaja kuchukua orodha ya mimea ya maonyesho, akapitia bandani bila kubisha, ndivyo alivyo.

"Pawla! Huyu naye kafanya kosa gani umemgeuza ukutani?"

"Jua linamchoma."

"Jua gani? Ukuta huu unatazama kusini, upande wa kivuli, jua halijawahi kuufika tangu ujengwe." Merv aligeuza chungu taratibu. Akaiona alama. Alipozungumza tena, utani ulikuwa umemtoka. "Tangu lini?"

"Jumanne."

"Na leo Alhamisi. Ukanyamaza."

"Ningesema nini, Merv?"

"Ungesema, Merv, njoo. Herufi chache tu hizo." Aliketi kwenye ndoo. "Mficha maradhi kilio kitamuumbua, bibie. Ngoja nilete vipimo."

Vipimo vya kirusi vinafanana na vile vya kupimia mimba, na vinasomwa vilevile. Unasaga kipande cha jani kwenye maji yake maalumu, unachovya kijiti, unangoja dakika kumi. Mstari mmoja, uko salama. Miwili, unacho. Merv alikuwa amebakiwa na vijiti vitatu. Vingine viliagizwa kusini, na visingefika kabla ya maonyesho.

Walisaga jani la namba 14. Pawla hakutazama kijiti, alimtazama Merv usoni. Treni ya miwa ilipita nyuma ya banda, ndefu, na ilipomaliza kupita Merv akakohoa.

"Hongera," alisema, "una mapacha." Akajuta hapohapo, akaona aibu, akavua kofia. "Samahani, Pawla. Mdomo wangu huu. Mistari miwili."

"Nimeiua."

"Bado iko hai. Itaishi miaka. Lakini kila kisu kitakachoigusa..."

"Najua kisu kitafanya nini." Alimweleza yote, gesi, spiriti, kitambaa, mizizi mikavu. Merv alisikiliza huku akikunja na kukunjua ukingo wa kofia. Hakumkatiza.

"Baada ya kipande cha Una, ulikata upi?"

"Ile ya zambarau, pale penye nguzo. Nusu niliiuza, nusu hiyo hapo."

Wakachovya kijiti cha pili. Safari hii Pawla aliangalia mwenyewe, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa, na mistari ikajitokeza miwili, polepole, bila haya. Basi ama zambarau ndiyo iliyoleta ugonjwa, ama kisu kilikuwa kimeshaupata siku za nyuma, kabla hata ya kipande cha Una. Kama gesi ilikuwepo kwa Una, kipande cha Una ni kizima na ndicho namba 14 pekee nzima duniani. Kama gesi iliisha kabla, hakuna tena. Kimebaki kijiti kimoja.

"Tuchovye kwa Una," Merv alisema.

"Kwa Una siendi."

"Basi mimi nitakwenda."

"Na wewe usiende. Ukienda atajua kabla ya wenzake, na wale walionunua kwenye meza ya Desemba wana haki ya kujua mwanzo." Alikuwa akikwepa, na alijua anakwepa, lakini alichokisema pia kilikuwa kweli. "Kesho kwenye kikao nitasema mwenyewe."

Kikao cha Ijumaa kinafanyika ukumbi wa skauti. Meza ya maua upande mmoja, upande wa pili chai, keki za nazi na sandwichi za nyama ya kopo. Pawla aliketi karibu na mlango kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Alikuwa ameandika maneno kwenye karatasi, lakini aliposimama karatasi ilikuwa imelowa jasho la kiganja na wino umetembea.

"Desemba nilikata vyungu kumi na tisa kwa kisu kichafu," alisema. "Nilikifuta kwa spiriti. Sikukichoma. Namba 14 ya Wenzu ina kirusi, na ya zambarau inacho. Mlionunua kwangu msizikate, msizichanganye na zenu, mzitenge mpaka vipimo vije. Nawaomba radhi." Akasahau alichotaka kuongeza, akabaki amesimama.

 Kijiko kiligonga kikombe. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, aliyekuwa amenunua vyungu vitano, akajifuta uso kwa leso kubwa, na alipoiona leso ile Pawla akatamani ardhi imeze ukumbi mzima. Kisha watu wakaanza kuuliza, kipi kilikuwa cha rangi gani, nani alichukua kipi, na Merv akaanza kuandika majina. Hawakumgombeza. Kungekuwa na nafuu kama wangemgombeza.

Una alikuwa mstari wa nyuma, mrefu, mkoba magotini. Hakuuliza kitu. Pawla alipogeuka tena, kiti kilikuwa kitupu na chai ya Una iko palepale, haijanywewa.

Hapo ndipo hofu ya kweli ilipomshika Pawla, ile ya siku tatu ilikuwa mazoezi. Una Kratzmann, aliyeutoa mmea mezani kwa sababu ya jina lililofutika! Una ambaye anafua glavu zake za bustani na kuzianika kwa rangi! Mwanamke huyo akisikia neno kirusi hangoji kijiti. Angefika nyumbani, angeng'oa kipande kile, angekitia kwenye mfuko mweusi, na malori ya taka yanapita Jumamosi. Pawla alimtafuta Merv kwa macho, akamkuta amezungukwa na watu. Akaondoka bila kuaga. Lakini alipofika getini kwa Una taa zilikuwa zimezimwa, na miaka tisa ikamnyima mkono wa kubisha. Akarudi kwake kwa njia ya matope.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu alisikia lori la taka mtaa wa pili. Alitoka na kandambili, koti la nyumbani, kijiti cha mwisho mfukoni kwenye kikasha cha Merv. Alipita njia ya mbele, akikimbia, mwanamke wa miaka sitini na tisa, na mbwa wa nyumba ya pili wakamshangilia. Mapipa yalikuwa yamepangwa barabarani. Una alikuwa amesimama penye pipa lake, mfuko mweusi mkononi, kifuniko kimeinuliwa.

"Usitupe!" Pawla alisema, pumzi haitoshi. "Una, subiri, usitupe, kuna kijiti kimoja, kimebaki kimoja..."

Una alimtazama kutoka kandambili mpaka nywele. "Hizi ni za meza yako ya Desemba. Nilinunua tatu. Nimechemsha vyungu vyake pia, kwenye sufuria ya zamani."

"Na ile?"

"Ipi?"

"Una, unaijua ipi."

Una akatupa mfuko, akafunga pipa, akajipangusa mikono. "Ile sijaitupa. Ingia, unatisha watu."

Kipande kilikuwa kwenye chumba cha kufulia, peke yake juu ya mashine, chungu kimezungushiwa mfuko wa nailoni. Kilikuwa kimetoa ua moja. Njano ilikuwa ileile, na mdomo uleule wa kingo zilizokunjwa. Pawla alilichunguza petali kwa petali akikosa kuamini macho yake, kwa maana ni macho hayohayo yaliyomdanganya Jumanne kwamba ni konokono. Hakukuwa na alama. Lakini yake pia ilianza safi.

"Lina siku ngapi?"

"Ishirini na mbili. Naziandika."

Alisaga jani mwenyewe. Maji yakamwagika kidogo, na Una akashika kikasha. Wakachovya. Una akageuza saa ya jikoni, ile ya kuchemshia mayai, dakika kumi. Hapakuwa na kiti ila kimoja, na hakuna aliyekikalia.

"Usiku nilikaa naye," Una alisema. "Nikasema nikimtupa, na kumbe mzima? Nikasema nikimwacha, na kumbe mgonjwa? Mimi sijazoea kutojua."

Pawla alitazama saa. Dakika saba.

"Ile lebo ilikuwa imefutika," Una alisema. "Nisingeweza kuupitisha."

"Ungeweza kumwita kando."

Lori la taka likafika mbele ya nyumba, likainua pipa, likalishusha. Una alingoja kelele zipite.

"Ningeweza," alisema.

Saa ikalia. Wote wawili waliruka. Una alisogea karibu na dirisha na kijiti mkononi, Pawla nyuma yake amefunga macho.

"Una, sema."

"Nangoja. Wakati mwingine wa pili unachelewa." Akakisogeza kijiti kwenye mwanga. "Haupo. Ni mmoja, Pawla. Njoo uangalie, usiniamini mimi."

Pawla aliangalia. Akaangalia upande wa pili wa kijiti, ambako hakuna kitu. Akaanza kulia, si kwa adabu, kwa sauti, huku ameshikilia ukingo wa mashine ya kufulia. Gesi ilikuwepo. Ilikuwepo kwa mmea mmoja tu, ule aliouanza ili amwondoe mtu moyoni, na huo ndio uliosalia. Una hakumshika bega wala hakumwambia nyamaza. Alifungua droo, akatoa kichomeo na kisu chembamba, akawasha, akaushikilia ubapa wa kisu kwenye moto mpaka ukawa mwekundu, akaugeuza, akauchoma upande wa pili.

"Ina mashina matano," alisema. "Chukua matatu ya mbele. Mimi nitabaki na mawili."

Pawla alitazama kisu. Kwake bandani kulikuwa na mimea mia moja na arobaini, na hakujua ipi ina nini. Mchana huo namba 14 ingeingia kwenye pipa la moto, hilo alikuwa ameshaliamua usiku. Zambarau pia. Lakini baada ya hapo? Kungekuwa na meza zilezile, ndoo zilezile, na mikono yake ileile iliyofuta vizuri.

"Usikate."

"Ni ya mumeo."

"Ndiyo maana. Kwangu kunaumwa, Una. Sitamlaza mgonjwa mwingine kwenye kitanda kilekile." Alijifuta pua kwa kiganja. "Iache hapa. Usiiguse na kisu mpaka mimi niseme, na hata nikisema, niulize mara mbili."

Una alizima gesi. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa mtoto wa watu ashike, hajui aweke mkono wapi.

"Huku huji," alisema. "Unapita nyuma, kwenye matope. Nakuona."

"Alhamisi nitapita mbele."

"Alhamisi nakwenda kwa daktari wa miguu."

"Basi Ijumaa."

"Ijumaa sawa. Lakini uje kabla ya saa nne. Saa nne ikipita ua halinukii tena mpaka kesho yake."

Pawla alikuwa anajua. Kwa miaka yote mitatu alidhani anajua peke yake.